Alif ya Nabil

Kwa miaka kumi na tisa Taib Omar hakuwahi kurudishiwa fomu. Hilo si jambo dogo. Dubai ni mji ambao mtu huweza kurudishiwa gari, posa, hata salamu, lakini hakuna kinachorudi upesi kama fomu iliyokosewa, nayo hurudi imesindikizwa na maneno ya adabu sana.

Alifanya kazi Al Twar, baina ya kinyozi na mchonga funguo, katika duka la kuchapa maombi ya viza na vitambulisho. Waarabu, Wahindi na Waswahili wote huliita taipingi, kwa kuwa ni neno ambalo hakuna aliyelipenda kiasi cha kulitafutia tafsiri. Tajiri wake, Junaid, mtu wa Karachi, alikuwa akiwatambulisha wateja wapya kwake kwa kidole: "Huyu, mashine. Mombasa, lakini mashine." Taib aliyachukua maneno hayo kuwa sifa, maana mashine za dukani zilifanyiwa matengenezo kila mwezi.

Kiarabu alikipata chuo cha Kurani, kwao Kibokoni, Mombasa, kwa mwalimu aliyeamini kuwa herufi isiyo na nukta zake ni uongo. Kilichobaki alikipata kaunta. Wateja aliwaonya kwa hadithi moja, ya fundi bomba wa Kisri Lanka ambaye kwa alama moja iliyotiwa kisanduku cha pembeni aliishi miezi minane akiwa mwanamke, na akakataliwa kushuka kwenye mashimo ya maji taka kwa heshima zote. "Herufi moja, ndugu yangu," Taib alimalizia kila mara, "yatosha kukufanya usiwe wewe." Mteja akicheka, Taib hakucheka naye.

Daktari Ghada alikuja taipingi kwa ajili ya mamake. Mama huyo alizaliwa Yafa, akalelewa kambini, akazeekea Sharja, na katika karatasi tatu za nchi tatu alikuwa ameandikwa majina matatu, ambayo kila moja lilikana mengine. Maduka mawili yalikuwa yameshamwambia hilo haliwezekani. Taib alizipanga karatasi mbele yake kama mtu anayesuluhisha wake wenza, na baada ya dakika arobaini mama alikuwa mtu mmoja. Daktari Ghada, ambaye kazi yake ilikuwa kuunga mifupa ya watoto, aliitazama mikono ile kwa jicho la kibiashara.

"Ustadh, Ijumaa huwa wafanya nini?"

"Nalala, daktari."

"Mungu akupe usingizi siku nyingine."

Hivyo ndivyo Taib alivyoingia katika kazi ya kuwatetea Wapalestina. Mwanzoni alidhani kutakuwa na kitu cha kufanya kwa miguu. Lakini mji huu hauna maandamano, una foleni; na mchango hauchangishwi ila na mwenye kibali. Wenye kibali walishamwita mara moja, yeye na watu elfu moja, katika ukumbi wenye baridi ya kutosha kuhifadhi nyama, wakafunga maboksi ya tende na blanketi kwa saa mbili, wakapigwa picha wakiwa wamevaa fulana za rangi moja. Maboksi hayo, alivyosikia, yalifika mpakani na kuanza kungoja. Kilichobaki kwa mtu wa kawaida kilikuwa karatasi. Hakuna sheria popote inayomkataza mtu kuandika vizuri.

Walikutana Jumeirah Lake Towers, ghorofa ya kumi na nne, katika kliniki ya meno iliyofungwa Ijumaa, ambayo mwenyewe aliwaazima kwa sharti wasiguse viti. Walikuwa madaktari watano, mfamasia mmoja, na Taib. Chini, mlangoni, alikaa askari wa jengo, Lawrence, kijana wa Nyahururu mwenye zamu ya saa kumi na mbili na kofia iliyokuwa kubwa kwa namba moja.

"Mzee wa karatasi," Lawrence alimwamkua, akimsogezea daftari la wageni. "Purpose ya visit niandike nini leo?"

"Andika meno."

"Wiki ya nane, mzee. Hayo meno yako ni ya mamba?"

Faili moja lilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza ilikuwa ya mgonjwa: jina, umri, jeraha, picha za eksirei, jamaa waliobaki, na msindikizaji, kwa sababu mtoto hatolewi peke yake. Hiyo ilipelekwa kwa ofisi iliyokuwa ikipanga majina ya watakaovushwa kwenda kutibiwa nje. Nusu ya pili ilikuwa ya mawakili fulani waliokuwa Ulaya, waliokusanya maelezo ya watu walioona. Kwa ufupi, nusu ya kwanza iliomba mtu atolewe, na nusu ya pili iliomba mtu mwingine, siku moja, aulizwe.

Habari zilikuja kwa sauti za simu, vipande vya dakika tatu, dakika tano, kila mtandao ulipoamka kule kwenye vita. Taib alisikiliza na kuandika daftarini kwa Kiswahili, kwa kuwa mkono wake ulikimbia zaidi kwa Kiswahili. Halafu alikaa kwenye kompyuta ya mpokea wagonjwa akachapa kwa Kiarabu na Kiingereza. Daktari Ghada alikuwa akilitazama lile daftari kama mtu anayetazama eksirei ya mnyama asiyemjua.

"Na ukifa wewe, Ustadh, nani atalisoma?"

"Mke wangu. Lakini atasema hati mbaya."

Faili la Huda lilikuwa la sitini na tatu. Huda alikuwa na miaka tisa, wa Khan Yunis. Mjombake alimpeleka zahanati iliyofunguliwa ndani ya shule, kwa ajili ya sikio. Zahanati ikapigwa bomu. Sikio likapona lenyewe. Mfupa wa mguu wa kushoto ukavunjika mara tatu, ukafungwa kwa vyuma vya nje, na chini ya vyuma usaha ukaingia mfupani. Madaktari wa kule waliandika kwa mistari miwili kwamba dawa inayotakiwa hawana, chumba kinachotakiwa hawana, na kwamba mguu una wiki chache. Mama alikuwa ameuawa majira ya baridi yaliyotangulia. Baba hakujulikana aliko. Bibi alikuwepo, ila haoni. Aliyebaki mzima alikuwa mjomba, Nabil, fundi wa umeme wa magari, ambaye kwa kukosa magari na umeme alikuwa na nafasi ya kutosha ya kuzungumza.

Nabil alikuwa na sauti ya mtu anayeuza kitu kizuri kwa bei mbaya. "Andika hivi, Abu Wahid," alisema, maana wale wa kule walimwita Taib kwa jina la mwanawe, "msichana ana akili, mguu ndio mjinga. Mkitupatia mguu mwerevu tutashukuru." Halafu akaeleza siku ile: nani alikuwa mlangoni, nani alikuwa kwenye benchi, kilianza kipi, sauti au mwanga. Akamaliza kwa kusema kwamba yeye ni shahidi wa hayo yote, na kwamba yuko tayari kuapa mbele ya yeyote atakayepata nafasi ya kumsikiliza.

Taib akaandika daftarini: *Nabil. Mjomba. Msindikizaji. Shahidi.*

Hapa yafaa kusimama kidogo. Waarabu wana maneno mawili. *Shaahid*, mwenye kuona, huandikwa kwa herufi alif baada ya shini. *Shahiid*, aliyeuawa katika haki, hana alif; ana herufi *ya*, nayo imekaa mwishoni, karibu na dali. Herufi zote mbili ni za kuvutia sauti tu. Ukivuta mbele, mtu yuko hai na ameona. Ukivuta nyuma, hayupo. Wazee wetu walipoyaazima maneno haya waliyaleta yote mawili, wakayatia gunia moja, wakalifunga. Kwa Mswahili shahidi ni shahidi: anayekwenda kortini na anayekwenda peponi wameandikwa sawasawa, na uzito wa sauti tunautia palepale Waarabu wanapoutia kwa ajili ya maiti. Hatukuwahi kuona tabu. Kwetu anayekwenda kortini na anayekwenda peponi hawakutani mara nyingi katika karatasi moja.

Taib aliyajua haya yote. Angeweza kumfundisha mtu. Lakini Ijumaa ile alikuwa ameshachapa mafaili sita, na katika jedwali la jamaa la kila faili kulikuwa na safu moja iitwayo *sifa*, na katika safu hiyo vidole vyake vilikuwa vimeandika neno lilelile la *ya* mara arobaini na kitu: baba, *ya*, kaka, *ya*, shangazi na wanawe wanne, *ya*. Juu ya jina la Nabil kulikuwa na jina la mama wa Huda, na mbele yake neno hilo. Taib akatazama daftari lake, akalisoma kwa Kiswahili, akalisikia kwa sauti ya Kibokoni, na vidole vikaandika kile vilichozoea kukisikia. Akabonyeza. Lifti ikamshusha. Lawrence akamwandikia saa ya kutoka.

Siku kumi na mbili baadaye, Jumatano, saa nne asubuhi, Daktari Ghada aliingia taipingi, akachukua namba ya foleni kama watu wengine, akangoja ipite namba ya Mmisri aliyekuwa na watoto sita. Alipofika kaunta hakuketi.

"Ustadh, Nabil amekufa lini?"

"Nabil?" Taib alisema. "Nabil jana kanitumia sauti analalamikia dengu. Hajafa."

"Amekufa. Ofisi imeandika." Akaweka simu juu ya kaunta. "Faili limesimamishwa. Msindikizaji ni marehemu, na mtoto hana msindikizaji mwingine. Soma."

Taib alisoma. Kisha akalisoma faili lenyewe, lile alilolipeleka, mpaka akafika kwenye safu ya sifa. Akavuta droo, akatoa daftari, akaliweka kando ya simu. Alifungua kinywa kueleza habari ya gunia, ya alif na *ya*, ya uzito wa sauti, na akaona kwamba kwa Kiarabu haielezeki, kwa sababu kwa Kiarabu hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kukosea hapo.

"Kwetu ni neno moja," alisema.

Daktari Ghada alilitazama daftari. "Kwenu," akasema, si kwa ukali.

Junaid akatoa kichwa kutoka nyuma ya kioo. "Nini? Kuna tatizo?"

"Fomu imerudi," Taib akasema.

Junaid akaanza kucheka, kisha akauona uso. Akavua miwani. "Nani kachapa?"

"Mimi."

"Astaghfirullah," Junaid akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akamletea chai yeye mwenyewe.

Kumwambia Nabil kulikuwa zamu ya Taib, hakuna aliyeigombea. Aliyapanga maneno tangu Al Twar mpaka nyumbani, akayapangua, akayapanga. Mwisho akayasema yote kwa pumzi moja. Halafu Nabil akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi! Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa ile. Wamechukua siku niliyolipeleka faili."

"Kumbe ndiyo maana mgongo umeacha kuuma." Akasikika akigeuka na kupaza sauti kwa watu waliokuwa karibu: "Jamani, nipisheni kwenye foleni ya maji! Mimi marehemu! Nina karatasi kutoka Dubai!" Sauti ya mwanamke ikamjibu kwamba marehemu hawana kiu, arudi nyuma. Wakacheka wengi. Taib, ambaye alikuwa amesimama kando ya kabati la vyombo, hakujua afanye nini na uso wake.

Kisha Nabil akarudi karibu na simu, na sauti ya kuuza ikawa imekwisha. "Abu Wahid, mimi nisamehe au nisikusamehe, si kitu. Lakini rekebisha upesi. Mguu umeanza kunuka. Huda anajipaka mafuta ya nywele ili nisijue."

Ofisi iliyokuwa ikipanga majina ilijibu kwa upole. Msindikizaji aliyeandikwa marehemu angeweza kurejeshwa, ilisema, kwa kuletwa uthibitisho kutoka kwa mamlaka inayoandikisha vifo. Mamlaka hiyo jengo lake halikuwepo tena. Alikuwepo bwana mmoja na kompyuta ya mapajani, mara hapa mara pale. Nabil alimfuata kwa miguu mara nne. Mara ya nne alimpata. Bwana yule alilitafuta jina, hakuliona, akasema yeye huandika waliokufa, hana cheti cha wasiokufa. Na kwamba kwa nia njema kabisa hapendi kumwandikia mtu kuwa hayumo orodhani, maana wapo aliowaandikia hivyo Jumatatu akawaingiza Alhamisi. Akampa Nabil nusu kikombe cha kahawa.

Na mawakili wa Ulaya nao wakaandika. Walikuwa na maelezo ya Nabil, yaliyotiwa sahihi Jumapili, kuhusu siku ya zahanati. Wangependa kufahamu ilikuwaje mtu aliyefariki Ijumaa atie sahihi Jumapili. Mpaka ifafanuliwe, maelezo yangewekwa katika fungu la yenye utata. Kwa hivyo Nabil, aliyekuwa mtu pekee aliyeuona mlango ule akabaki na ulimi wa kusema, alikuwa amekufa upande wa matibabu kwa sababu ya neno linalomaanisha ameona, na hakuweza kuona upande wa mawakili kwa sababu amekufa upande wa matibabu.

Taib aliandika barua. Aliandika barua kumi na moja kwa siku tisa, na hakuna aliyewahi kuandika barua safi kuliko hizo. Aliambatanisha picha ya Nabil ameshika kipande cha boksi chenye tarehe. Aliambatanisha video ya Nabil akihesabu mpaka ishirini. Aliambatanisha kiapo chake mwenyewe kwamba yeye, Taib Omar, mpiga chapa, Mkenya, ndiye aliyemuua mtu huyu kwa herufi *ya*. Daktari Ghada alilifuta neno *aliyemuua*, akaweka *aliyemwandika*. Kila barua ilijibiwa papo hapo na mashine, kwa namba ya kumbukumbu yenye tarakimu tisa.

Jokha, mkewe, alikuwa msimamizi wa watoto katika basi la shule, na kwa hivyo hakushtushwa na mengi. Jioni moja aliiangalia sahani aliyoipakua ikabaki ilivyo.

"Huli?"

"Nshashiba."

"Umeshiba nini? Namba?" Akavuta kiti. "Taib, mimi nakuuliza. Tangu lini wewe ukawa malaika wa mauti? Malaika mwenyewe hafanyi kazi kwa daftari la Kiswahili."

Jokha akayaona macho yake, akajuta, akasogeza maji karibu naye.

"Kwani huko hakuna mtu wa kuendewa?" akauliza kwa sauti nyingine. "Mtu. Si ofisi. Mtu wa kubishiwa mlango akatoka na kikoi."

Taib akawaza. Kibokoni jambo lolote lilikuwa na mlango wake, na nyuma ya mlango mtu mwenye kikoi. "Hakuna," akasema. "Kuna anwani."

Ijumaa iliyofuata walipokusanyika ghorofa ya kumi na nne, Daktari Ghada aliwaambia kwamba juzi wagonjwa kumi na wanane walivushwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika majuma saba. Madaktari wakapiga makofi, wakakumbatiana, mfamasia akalia. Taib naye akapiga makofi, akachelewa kidogo, yakabaki peke yake mwishoni.

Kisha akakaa kwenye kompyuta ya mpokea wagonjwa, akafungua orodha. Siku faili liliposimamishwa, Huda alikuwa wa ishirini na moja. Ishirini na moja si kumi na nane, akajiambia. Lakini mmoja wa waliotangulia alikuwa amefariki kabla ya siku yenyewe, na mwingine alirudishwa kwa homa. Hao wawili. Ishirini na moja kutoa wawili. Na wa saba, je, mamake hakuwa na kasoro ya kitambulisho? Akaanza upya kutoka juu. Daktari Ghada alikuja nyuma yake akaufunika uso wa kompyuta kwa kiganja.

"Usihesabu."

"Nimeshahesabu."

"Basi sahau."

Hilo la pili lilikuwa agizo la daktari, na kama maagizo mengi ya madaktari, lilikuwa sahihi na halikuwezekana.

Jumanne, akiwa kaunta na pasipoti za familia nzima ya Wabangali mkononi, ikaja sauti ya Nabil. Ilikuwa ya sekunde kumi na moja. Nabil hakuwahi kuzungumza kwa sekunde kumi na moja. "Wamekata. Asubuhi. Juu ya goti. Wamesema ama mguu ama yeye. Amelala sasa."

Taib akaisikiliza mara moja. Akachapa maombi ya Wabangali wote saba, majina marefu, akayakagua mara mbili, akayapeleka. Hayakurudi.

Alhamisi ofisi ikaandika. *Tunafurahi kukuarifu kuwa sifa ya msindikizaji imerekebishwa: yu hai. Faili limefunguliwa. Tunaomba uangalifu zaidi siku zijazo.* Siku hiyohiyo mawakili nao wakajulisha kwamba maelezo ya shahidi yametolewa katika fungu la utata, na kushukuru.

"Ilikuwa hivi, Ustadh," Daktari Ghada alimwambia Ijumaa, wakiwa wawili tu wakingoja lifti. Alionekana kuwa ameyatafuta maneno hayo wiki nzima. "Nimeuliza. Wale kumi na wanane hawakuchaguliwa kwa orodha yetu. Waliochagua ni upande wa pili, kwa njia zao, na hakuna anayezijua. Kosa lako halikubadilisha kitu. Alif ingekuwepo, yangekuwa hayahaya."

"Hakika?"

"Karibu hakika."

Lifti ikaja, ikafunguka, ikajifunga, wakiwa wamesimama. Taib alikuwa akilipima lile alilopewa. Kama kosa lake halikuwa na nguvu, basi mafaili sitini na mbili yasiyo na kosa nayo hayakuwa na nguvu, na Ijumaa zake zote zilikuwa usingizi wa namna nyingine. Na kama yalikuwa na nguvu, basi na kosa lile pia. Hakuona la kuchagua. Alikaa na yote mawili kama mtu aliyewekewa vikombe viwili vya chai iliyopoa akaambiwa karibu.

"Asante, daktari," akasema, kwa kuwa alijua maneno yale yalikusudiwa kuwa zawadi.

Chini, Lawrence akamtazama akija, akaacha mzaha aliokuwa ameuandaa.

"Mzee, vipi? Yule msichana wa mguu?"

"Wamekata."

"Woi." Lawrence akavua kofia, akaishika kifuani, akakosa pa kuiweka. "Pole, mzee. Pole sana. Na zile barua zote?"

"Zilifika."

"Zilifika?"

"Zimejibiwa zote."

Lawrence akawaza juu ya hilo. Kamera ilikuwa ikimwangalia, akavaa kofia. Halafu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya jengo, akamsogezea daftari. "Sign out hapa, mzee wangu."

Ijumaa iliyofuata Taib alirudi. Hakuwa amepanga kurudi wala kutorudi. Baada ya sala miguu ilishika njia ya metro. Faili la Huda lilitakiwa kuandikwa upya, maana haja yake ilikuwa imebadilika: si kuokoa mguu tena, bali kupata wa bandia, na haja hiyo ilikuwa na fomu yake, katika daraja la chini zaidi, lenye majina mia nne na kitu. Alilifuta neno *kuokoa*. Fomu mpya ilitaka namba ya kiatu.

Akapiga simu, ikashika mara ya tano.

"Thelathini na tatu," Nabil akasema.

"Thelathini na nne!" ikaja sauti nyembamba nyuma yake. Ilikuwa mara ya kwanza Taib kuisikia. "Mwambie thelathini na nne. Nimekua."

"Thelathini na tatu, nimeupima kwa kamba jana. Usimdanganye mtu wa serikali."

"Mimi si wa serikali," Taib akasema.

"Mpaka lini hiyo fomu?" Nabil akauliza.

"Siku tisini. Halafu inaandikwa nyingine."

Kule wakanong'onezana. "Basi andika thelathini na nne," Nabil akasema. "Ataifikia."

Taib akaandika thelathini na nne. Akashuka kwenye jedwali la jamaa, mpaka safu ya sifa, akaondoa mikono juu ya vibonyezo.

"Nabil. Nakuuliza, unijibu. Uko hai?"

"Kila wiki utaniuliza?"

"Kila wiki."

"Sasa hivi, ndiyo," Nabil akasema. "Andika upesi."

Taib akaandika shini, akaandika alif. Alif haishikani na herufi inayoifuata. Ndivyo ilivyo desturi yake. Ikasimama hapo. Akaitazama, akamalizia neno, akabonyeza, na mashine ikamjibu papo hapo kwa namba yenye tarakimu tisa.